Mwezi Usio na Bima

Jumanne, tarehe 8 Julai 2025. Mchangamle, mji mdogo ulio kaskazini ya Bagamoyo ukiifuata njia ya Saadani, uliamka na baridi ya kipupwe. Manyunyu membamba yalitoka upande wa bahari yakalowesha mabati na makuti bila kutoa sauti, na barabara ya udongo inayoteremka kutoka yadi ya halmashauri hadi dikoni, wanakoshushia samaki, ikawa inateleza kama mgongo wa samaki mkunga.

Sihaba alikuwa uani akigeuza chapati za kuuza aliposikia kikohozi mlangoni. Alikijua kikohozi hicho. Kilikuwa cha Leodgar, afisa usafirishaji wa Halmashauri ya Mji, mtu wa bara aliyekaa Pwani miaka mingi hata akajifunza kubisha hodi na kungoja akaribishwe. Siku hiyo hakungoja. Aliingia moja kwa moja ukumbini, akamkuta Mwishehe, mume wa Sihaba, ameinama anafunga kamba za viatu.

Mwishehe alikuwa dereva wa gari la taka. Alikuwa ameushika usukani huo miaka mingi, na miaka yote hiyo alibaki kibarua. Mkataba ukiisha anaandikiwa mwingine mfupi kama ule wa kwanza, na kila akiuliza lini ataajiriwa kama watu wengine, huambiwa avute subira.

"Gari litoke leo," Leodgar alisema baada ya salamu fupi. "Taka za sikukuu ya Sabasaba zimefurika dikoni, na saa nne anapita mgeni kutoka mkoani."

"Mkuu, bima haisomi," Mwishehe alijibu. "Nimeangalia jana kwenye simu. Imekufa tangu tarehe thelathini."

Leodgar akasema anajua. Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba ihuishwe tangu Aprili, akakumbusha Mei, akakumbusha tena Juni. Fedha za mwaka mpya zilikuwa hazijafunguka kwenye mfumo. Zikifunguka, bima itakatwa siku hiyohiyo. Mwishehe akamwambia basi na wasubiri zifunguke. Leodgar akapangusa manyunyu usoni, akasema mkurugenzi amempigia simu kabla hata hajapiga mswaki, na hataki kusikia habari ya mfumo. Kisha akashusha sauti, lakini jiko lilikuwa nyuma ya ukuta wa udongo tu, na Sihaba alisikia kila neno.

"Kuna vijana wenye leseni wanakimezea mate kiti chako, kaka. Sitaki nipeleke jina lako kwamba umekataa kazi. Nenda safari moja tu. Likitokea lolote, nitasema ni mimi niliyekutuma."

Mwishehe alimaliza kufunga kamba za viatu. Halafu Sihaba akasikia funguo zikiokotwa mezani.

Akatoka na sinia la chai mkononi. Akamsalimu mgeni, kisha akamgeukia mumewe, akamwuliza kwa upole kama si yeye aliyemwambia kwamba Julai magari hayatoki. Mwishehe akauchukua mfuko wake wa chapati. Leodgar ndiye aliyecheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechelewa.

"Shemeji, kwani dua si imesomwa?"

Ilikuwa imesomwa kweli. Bima ya halmashauri, ile ya magari, ya majengo, na ile ya kumlipa mtu aliyeumizwa na mali ya mji, ilizaliwa Julai mosi na kufa Juni thelathini kila mwaka, kwa sababu ndivyo mwaka wa fedha wa serikali unavyokwenda. Lakini fedha za mwaka mpya hazikuwahi kufika Julai mosi hata siku moja. Zilichelewa wiki, pengine mwezi. Muda huo wote soko, zahanati, mabomba na magari vilikaa mikono mitupu. Wafanyakazi waliuita Julai mwezi wa Mungu. Siku ya kwanza ya mwezi magari yalipangwa yadini, maalim akasoma dua, padri akanyunyiza maji ya baraka, pilau likaliwa, na magari yakaachwa palepale mpaka bima isome. Hiyo ndiyo desturi ilivyoanza, nayo ilikuwa njema.

Kisha miaka ikapita salama, na watu wakazoea. Kwanza likatoka gari la mkurugenzi. Mwaka uliofuata likatoka la wagonjwa. Halafu likatoka la taka. Bila mtu yeyote kutamka, ile dua iliyosomwa ili magari yalale ikawa ndiyo ruhusa ya kuyaendesha. Sihaba hakuwa msomi, lakini swala tano zilikuwa hazimpiti, na jambo hilo halikumkaa moyoni. Alimtazama mumewe akitoka na mfuko wake wa plastiki wa chapati mbili, akasema moyoni, Mola wangu, tusamehe kwa kukutwisha kazi tuliyoikwepa wenyewe.

*

Dereva wa bodaboda ndiye aliyeleta habari. Hakuzima pikipiki. Alipiga kelele kutoka njiani, akimwita Sihaba kwa jina la binti yake, kwamba Mama Sabiha awahi dikoni, mumewe anauawa.

Sihaba alipanda pikipiki hiyo kama alivyo, unga mikononi. Njiani kijana alimweleza kwa vipande. Gari lilikuwa likiteremka, tairi za nyuma zikateleza kwenye tope lililochanganyika na maji ya samaki, mkia wa gari ukazunguka. Muzammil, muuza barafu, alikuwa akikokota baiskeli yake yenye gunia la barafu kandokando ya banda la mnada. Gari likambana ukutani. Ukuta ukaanguka, naye akaanguka nao. Mwishehe angeweza kukimbia, mlango ulikuwa upande wa porini na watu wote walikuwa upande wa pili. Hakukimbia. Alishuka akaenda kumvuta Muzammil kutoka kwenye matofali, na hapo ndipo walipomkamata, mikono yake miwili ikiwa kwapani mwa maiti.

Sihaba aliona migongo tu. Migongo ya wachuuzi, ya wapaa samaki, ya watu aliowauzia chapati asubuhi ileile. Katikati ya migongo alisikia sauti ambayo kila mtu wa dikoni aliijua, sauti ya Bwanausi, dalali wa mnada, ndugu wa baba mmoja na Muzammil. Kila siku sauti hiyo ilipandisha bei ya samaki, changu na kolekole. Sasa ilikuwa ikihesabu mapigo.

Alipenya kwa kichwa na mabega. Mwishehe alikuwa amelala kifudifudi, shati limekwisha, sikio moja halijulikani lilipo kwa damu. Bwanausi alikuwa amekichukua chuma cha kuvunjia barafu kutoka kwenye baiskeli ya nduguye, na machozi yalikuwa yakimtiririka huku anapiga. Mwingine alikuwa na mpini wa jembe. Mama mmoja alikuwa akimpiga Mwishehe miguuni kwa ndoo tupu, pole pole, kama mtu anayetwanga.

Sihaba akajitupa juu ya mumewe.

"Mwondoeni huyu mwanamke," Bwanausi alisema.

Hawakumwondoa, na chuma kilikuwa kimeshanyanyuliwa. Akauinua mkono wa kushoto kujikinga. Aliusikia mfupa kabla ya kuyasikia maumivu, mlio mdogo, kama kijiti kikavu. Akaendelea kulala palepale, uso wake kwenye shingo ya Mwishehe, akimsomea shahada sikioni asije akafa bila kuitamka. Pigo jingine likampata begani. Mtu akamvuta ushungi ukatoka, akamtemea mate kichwani, akamwita mke wa muuaji. Aliijua sauti hiyo pia. Alimdai mtu huyo chapati za wiki nzima.

Nyuma yao walikuwa wamelitia gari moto. Halikuwa na mtu wa kulitetea. Lilianza kuungua kwenye viti, kisha taka zenyewe zikashika, na moshi mweusi unaonuka samaki na plastiki ukafunika diko. Tairi la kwanza lilipopasuka, watu walidhani ni bunduki za polisi. Wakatawanyika wakikanyagana, na mtoto mmoja akaangushwa kwenye maji. Likapasuka la pili. Polisi walipofika kweli, walimkuta Sihaba ameketi peke yake kwenye tope, amempakata mumewe, na hatua chache kando yao Muzammil amefunikwa gunia. Barafu yake ilikuwa bado haijayeyuka.

*

Kituo cha afya cha Mchangamle kilikuwa na wodi moja ya wanaume. Mhudumu wa mapokezi aliuliza kwanza fomu ya polisi, kisha akauliza kadi ya bima ya afya. Sihaba akamweleza kwamba mume wake ni kibarua wa halmashauri na vibarua hawakatiwi. Mhudumu huyo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na damu ilikuwa ikidondoka kwenye sakafu aliyotoka kuipiga deki.

"Gari halina bima, dereva hana bima," alisema akiandika. "Mchangamle nzima tunaishi kwa kudra."

Watu waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Sihaba akavua pete yake ya fedha kwa meno, kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa haufanyi kazi, akaiweka juu ya meza. Pete hiyo ilitosha nyuzi za kichwa na dawa za siku ya kwanza. Mkono wake mwenyewe ulifungwa jioni, baada ya daktari kumwuliza mara mbili kwa nini amekaa kimya muda wote huo. Mwishehe alilazwa na pingu ya mguuni, imefungwa kwenye chuma cha kitanda, na askari akakalishwa mlangoni.

Leodgar alikuja alasiri. Alimkuta Sihaba ukumbini, akampa pole, akampa chupa ya soda ambayo Sihaba hakuweza kuifungua kwa mkono mmoja. Hakuomba wakae. Alizungumza akiwa amesimama, macho yake yakienda kwa askari na kurudi.

Alisema mambo yamekuwa mazito. Gari limeungua, banda la mnada limebomoka, mtu amekufa, na hakuna shirika la bima litakalolipa hata senti. Mkurugenzi amekaa na wakubwa wenzake. Njia iliyoonekana ni moja. Mwishehe aseme alichukua gari mwenyewe, bila ruhusa, pengine alitaka kubeba mchanga wa mtu. Ikiwa hivyo, halmashauri haitakuwa na deni kwa yeyote. Mwishehe atashitakiwa, lakini kwa kuwa hakukusudia kuua, kifungo hakitakuwa kirefu, na nyumba yake itaangaliwa kila mwezi, kimyakimya.

"Na akisema ulimtuma wewe?" Sihaba aliuliza.

"Atazama, na mimi nitazama. Mji utalipa kutoka mfukoni mwake, na mwakani hakutakuwa na dawa hata hapa tulipo. Shemeji, mimi nina watoto watatu wako shule. Sikuikalia bima nikaifungia sandukuni. Niliiomba tangu Aprili."

Sihaba akamwuliza habari ya Nasrin, mke wa Muzammil, ambaye alikuwa na mimba kubwa. Yeye atamdai nani. Leodgar akasema kisheria atamdai dereva.

"Dereva ana nini?"

Leodgar akaitazama sakafu. Kisha akasema atarudi kesho, akaondoka haraka, na Sihaba akabaki ameishika soda ile hata ikapata moto mkononi.

*

Jua lilikuwa bado halijazama alipokwenda nyumbani kuchukua shuka. Mlango ulikuwa umeng'olewa na bawaba zake. Godoro lilichanwa kwa kisu, sufi imetapakaa hadi njiani. Unga wake wa chapati, mfuko alioununua siku mbili nyuma, ulimwagwa uani na mtu akaukojolea. Kuku wake wote walikuwa wamenyongwa wakapangwa kizingitini, mmoja baada ya mwingine, kwa mpangilio, kama kazi ya mtu aliyekuwa na nafasi ya kutosha. Ukutani waliandika kwa mkaa neno MUUAJI.

Majirani walisimama kwenye milango yao. Mmoja wao, mwanamke wa makamo jina lake Mwanahija, akaja mpaka nusu ya njia, akamwambia Sabiha, binti yake, yuko salama kwake chini ya kitanda, hajaumizwa, ila hasemi. Akamwomba asimchukue bado. Kisha akarudi kwake upesi, asije akaonekana.

Sihaba akapangua vipande vya vyombo, akapata mahali pa kutosha paji la uso wake, akaswali. Alisujudu kwa mkono mmoja. Hakuomba kisasi na hakuomba pesa. Aliomba aonyeshwe lipi ni lake kulifanya, kwa sababu mpaka hapo kila mtu alikuwa ameshafanya la kwake.

Asubuhi ya Jumatano alimweleza Mwishehe yote aliyoambiwa na Leodgar. Alidhani atakasirika. Mwishehe alimsikiliza kwa jicho moja, la pili lilikuwa limeziba, kisha akasema kwa shida, kwa taya lililovimba, kwamba Leodgar alishaingia kwake jana hiyohiyo kabla ya kumkuta Sihaba ukumbini, na yeye ameshakubali. Ameshamwambia askari kwamba gari alilichukua mwenyewe.

"Kwa nini, mume wangu?"

"Kwa sababu nilijua bima haisomi, nikawasha. Mguu uliokanyaga mafuta ni huu wangu."

"Huo ni ukweli wako, na unauungama kwa Mungu. Lakini huo mwingine ni uongo. Ukiutia sahihi, mtoto wa Muzammil anazaliwa hana anayemlea, na aliyekutuma anakwenda kazini kesho."

"Na wewe na Sabiha mtakula nini? Wameahidi."

Sihaba akamwambia waliahidi hata mlangoni kwao, jana asubuhi, na ahadi ile haikufika hata adhuhuri. Mwishehe akajaribu kukaa, pingu ikamrudisha. Akaukamata mkono mzima wa mkewe, akaubana kwa nguvu mpaka kucha zikaingia.

"Nani atakusikiliza wewe? Mke wa mshitakiwa. Watakuchekea. Ukienda kunikana mbele ya watu, usirudi kwangu. Nitakupa talaka yako hapahapa kitandani, na huyo askari awe shahidi."

Alisema hivyo akilia. Sihaba akauacha mkono wake ubanwe hadi alipouachia mwenyewe. Akamfuta uso kwa ncha ya kanga, akamwekea maji karibu, akatoka.

*

Muzammil alizikwa siku hiyo baada ya adhuhuri. Sihaba alikwenda msibani. Hakwenda kusema neno. Alikuwa mteja wa barafu wa marehemu tangu alipokuwa akiuza juisi, walitaniana kila Ijumaa, na alitaka kumwomba Nasrin radhi kabla jeneza halijatoka. Alivaa baibui la kuazima kwa Mwanahija. Alipoingia, wanawake waliokaa kwenye jamvi wakasogea, wakamwachia nafasi kubwa kila upande, kama mtu mwenye upele. Hakuna aliyemwitikia salamu. Nasrin alikuwa chumba cha ndani, ameanza eda yake, amekaa karibu na dirisha lenye nondo linalotazama uani. Sihaba akapiga magoti mlangoni mwa chumba hicho, lakini Nasrin akageuza uso.

Nje, chini ya turubai, wanaume walikuwa wamejaa. Jeneza lilikuwa katikati, limefunikwa kanga mpya. Mkeka wa mbele walikaa watu wa halmashauri, viatu wamevua, na Leodgar alikuwa miongoni mwao na bahasha ya ubani, pesa za rambirambi, mapajani.

Maalim akasimama kandokando ya jeneza, akauliza yale yanayoulizwa kila maiti anapotaka kutoka. Kama kuna anayemdai marehemu, aseme sasa au awaone ndugu. Na kama kuna aliyemkosea marehemu, au mwenye haki yake mikononi, ajitokeze, ili ndugu yetu asiende na mzigo, wala wetu usibaki shingoni mwetu. Akangoja. Hapo kwa kawaida husikika kikohozi tu.

Leodgar akasimama. Pengine alitumwa, pengine ukimya ulimshinda. Akatoa pole kwa niaba ya mkurugenzi, akakabidhi bahasha, akasema halmashauri imehuzunishwa sana na kitendo cha dereva wake kuchukua gari bila ruhusa ya mtu yeyote.

Sihaba alikuwa amesimama kabla hajajua amesimama. Akapita katikati ya wanawake, akatokeza mlangoni, mkono wake umefungwa plasta kifuani.

"Maalim," alisema. "Marehemu anadai."

Bwanausi akageuka. Alipomwona, akamjia kwa hatua mbili akamkaba ushungi chini ya kidevu, akambamiza kwenye fremu ya mlango. Maumivu ya mkono yalimtia giza. Lakini alikuwa amekwisha kuanza, na akayasema yote kwa sauti iliyokabwa. Kwamba Leodgar alikuja nyumbani kwake jana alfajiri. Kwamba mumewe alimwambia bima haisomi. Kwamba mumewe alitishiwa kazi yake, akaahidiwa kusemewa, na kwamba maneno aliyoyasema Leodgar sasa hivi, mbele ya maiti, si kweli.

Bwanausi akalegeza mkono. Akamtazama Sihaba, akaitazama plasta aliyoisababisha mwenyewe, kisha akageuka taratibu kuelekea mkeka wa mbele.

Leodgar alikuwa tayari amerudi nyuma. Akasema mama huyu ana uchungu, na uchungu humfanya mtu aseme. Hakumaliza. Kiti cha plastiki kilimpiga usoni, na baada ya hapo haikujulikana nani anapiga. Wenzake walikimbia peku. Watu walimwangusha kando ya jeneza, wakamkanyaga, jeneza likatikiswa, kanga ikateleza. Mtu akatoka jikoni na mwiko wa sufuria kubwa, bado una wali. Bwanausi alimshika Leodgar nywele akawa anakigonga kichwa chake ardhini, na kila alipokigonga alisema jina la nduguye.

Sihaba akaingia tena katikati ya miguu ya watu. Safari hii hakujilaza juu ya mtu. Alimshika Bwanausi kifundo cha mkono kwa mkono wake mmoja, akamning'inia.

"Mkimuua huyu, Bwanausi, mtoto wa Muzammil atakwenda kumdai nani? Maiti? Mwache awe hai alipe."

"Mwacheni," ilisema sauti kutoka dirishani. Nasrin alikuwa amesimama, vidole vyake vimeshika nondo. "Shemeji, mwache. Mume wangu hajatoka hata uani, mnamwaga damu juu yake."

Hiyo ndiyo sauti waliyoisikia. Bwanausi akaachia. Watu wakarudi nyuma mmojammoja, wakihema, wengine wakiona aibu na kuiokota ile kanga. Maalim akamwinua Leodgar, akampa maji ya kunawa kutoka kwenye birika la kutawadhia. Akamwambia hataki jibu lililotolewa kwa kipigo, hilo halina thamani kwa Mungu wala kwa hakimu. Sasa hakuna anayempiga. Na ajibu akitaka, alimtuma dereva au hakumtuma.

Leodgar alitema damu. Aliwatazama watu wote pale, akalitazama jeneza, kisha akaitafuta njia kwa macho.

"Nitazungumza na wakubwa wangu," alisema. Akaokota kiatu kimoja, cha pili hakukipata, akaondoka akichechemea. Hakuna aliyemfuata.

 Halafu Nasrin akasema kutoka dirishani, hakupaza sauti, lakini kila mtu alimsikia.

"Dada Sihaba. Yule amekwenda kwa wakubwa wake. Mumeo ameshasema lake polisi, tumesikia. Wewe utarudi kwake jioni. Atakuambia ukae kimya, na wewe utakaa kimya. Kwa nini nikuamini?"

 Sihaba akaurudisha ushungi kichwani kwa mkono mmoja, akalitengeneza baibui la watu, akaenda hadi kwenye jeneza. Maalim akawauliza waliokuwapo kama wako tayari kuwa mashahidi wa atakalosema mwanamke huyu. Wanaume wakaitikia kwamba wako tayari. Bwanausi akaitikia wa mwisho, kichwa chini.

"Mimi Sihaba binti Hatibu," alisema, "mbele ya marehemu na mbele yenu, naahidi. Mkishamzika Muzammil, nakwenda polisi kwa miguu yangu, na Maalim akipenda anisindikize. Nitasema Leodgar alimtuma mume wangu, ndani ya nyumba yangu, nami nikisikia. Na nitasema mume wangu alijua gari halina bima, akaliwasha. Yote mawili nitayasema, polisi na mahakamani, sitalitoa moja nikalificha la pili, hata kama nitatoka huko sina mume wala pa kulala."